Kulalamika Kidogo na Kusikilizwa Zaidi: Mwongozo Kamili

Muulize mtu hali yake kituoni asubuhi, na kabla hajamaliza kukujibu kwamba ni mzima, utakuwa umekwisha kusikia habari za joto, foleni, bei ya unga na vyuma vilivyokaza. Mtu huyo hana ubaya wowote, na wala si kwamba hana shukrani. Anafanya jambo ambalo karibu kila binadamu hulifanya kila siku bila kujitambua. Mwongozo huu haukusudii kumfundisha msomaji kunyamaza, kwa sababu kunyamaza nako kuna hasara zake, na wahenga waliosema kwamba mficha uchi hazai walizijua vizuri. Unakusudia kumwonyesha namna ya kulitambua lalamiko lenye kazi, kuliandaa, na kulifikisha kwa mtu mwenye uwezo wa kulitatua, pamoja na namna ya kuyapunguza yale mengine ambayo hayana pa kwenda. Kwa maoni yangu, malalamiko yetu mengi ni ya haki kabisa, ila tumeyapeleka kwa mtu asiyehusika.

Kwa nini tunalalamika

Akili ya binadamu hulishika baya kwa nguvu zaidi kuliko inavyolishika jema. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba uchungu wa kupoteza kitu huzidi furaha ya kupata kitu chenye thamani ileile, na tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha mwelekeo kama huo katika ndoa, katika kumbukumbu na katika namna tunavyowahukumu watu. Ndiyo maana umeme uliowaka siku ishirini na tisa hauzungumzwi, lakini ule uliokatika usiku mmoja huzungumzwa wiki nzima.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Lalamiko ni njia rahisi ya kuanzisha mazungumzo na mtu usiyemjua, kwa kuwa wote mmesimama kwenye jua lilelile mkilisubiri daladala lilelile, na kulilaumu kwa pamoja huwaunganisha kwa dakika chache. Ipo pia sababu ya tatu, ambayo hatupendi kuikiri: kulalamika hutupa nafuu ya kuonekana tumefanya jambo, hali hatujafanya lolote.

Hatua ya kwanza: yaandike malalamiko yako kwa wiki moja

Chukua daftari dogo, au tumia simu, na kila unapojikuta ukilalamika andika mambo matatu tu: ulilalamikia nini, ulimwambia nani, na je, mtu huyo angeweza kufanya lolote. Usijihukumu wala usijaribu kujizuia katika wiki hiyo, kwa sababu lengo ni kupata picha ya kweli. Watu wengi hushangazwa na safu ya tatu. Lalamiko kuhusu mwenye nyumba limesemwa kwa dada yake mlalamikaji, lile la mkuu wa kazi limesemwa kwa mfanyakazi mwenzake wakati wa chakula cha mchana, na la mume limesemwa kwa shoga zake wote isipokuwa mume mwenyewe.

Hatua ya pili: tafuta mwenye jambo

Wiki ikiisha, pitia orodha yako na ujiulize juu ya kila lalamiko: yuko nani anayeweza kubadilisha hali hii? Yapo malalamiko yenye mwenyewe anayejulikana, kama bili iliyokosewa, mshahara uliochelewa au jirani anayechoma taka dirishani kwako. Yapo yasiyo na mwenyewe, kama mvua na uzee. Na yapo ambayo mwenyewe ni wewe. Hayo ndiyo magumu kuyatambua, kwa kuwa mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Anayelalamika kila asubuhi kwamba foleni humchelewesha kazini, ilhali foleni hiyo huijua tangu mwaka juzi na angali anatoka nyumbani saa moja na nusu, ameshapata jina la mhusika.

Hatua ya tatu: liandae lalamiko lenye mwenyewe

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo nitakapokaa kwa muda mrefu zaidi.

Mfano bora wa lalamiko la maandishi una umri wa zaidi ya miaka 3,700. Takriban mwaka 1750 KK, katika mji wa Uru, kusini mwa nchi ambayo leo ni Iraki, mfanyabiashara wa shaba aliyeitwa Ea-nasir alipelekewa kibao cha udongo na mteja wake Nanni, kilichoandikwa kwa Kiakadi, na ambacho leo kimehifadhiwa British Museum jijini London. Nanni anaanza kwa kumkumbusha muuzaji ahadi yake ya kutoa shaba nzuri. Kisha anaeleza kilichotokea: mjumbe wake aliwekewa shaba mbovu na kuambiwa achukue akitaka, asipotaka aende zake. Anaeleza pia hasara yake, kwamba wajumbe wake wamerudishwa mikono mitupu zaidi ya mara moja, tena wakipita katika nchi ya maadui. Mwisho anasema anachotaka: arudishiwe fedha zake zote, na kuanzia sasa hatapokea shaba isiyo nzuri, bali atachagua vipande mwenyewe, kimoja kimoja, uani kwake. Ana hasira, na hasira hiyo inaonekana wazi, lakini haikumfanya asahau kudai. Ahadi, tukio, hasara na dai: mpangilio huo ungali unafaa kwa barua yoyote utakayoandika leo.

Tuchukue jambo la kila siku, nalo ni bili ya maji. Tuseme familia ya watu watano mjini imezoea kutumia uniti kati ya 14 na 17 kwa mwezi, kisha ghafla inaletewa bili ya uniti 62. Jambo la kwanza watu hulifanya ni kutoka nje na kumweleza jirani kwamba wasoma mita ni wezi. Jirani ataitikia, huenda naye akatoa kisa chake, na bili itabaki palepale. Badala yake, fuata utaratibu huu kabla hujasema neno kwa mtu yeyote.

Anza kwa kuipima bili yenyewe. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Uniti 62 ni madumu 3,100 kwa mwezi, yaani madumu yapatayo 100 kwa siku, kiasi ambacho watu watano wasio na bustani wala biashara ya kuosha magari hawawezi kukitumia kwa urahisi. Hesabu hiyo peke yake ina nguvu kuliko kelele, kwa kuwa mtu yeyote aliyewahi kubeba dumu ataielewa.

Kisha jikague mwenyewe kabla ya kumkagua mwingine. Funga mabomba yote, hakikisha tangi la choo limejaa na halivuji, halafu kaitazame mita. Ikiwa bado inazunguka, maji yanavuja mahali fulani baada ya mita, na kwa kawaida uvujaji wa upande huo ni wa mteja, hivyo utakayemwita kwanza ni fundi bomba. Isiposogea kwa saa moja au mbili, piga picha inayoonyesha namba za mita na tarehe. Sasa linganisha namba hizo na usomaji ulioandikwa kwenye bili. Ukiona kwamba bili ina namba kubwa kuliko iliyopo kwenye mita leo, umelipata kosa lenyewe, na hakuna wa kubishana nawe.

Baada ya hapo ndipo uandike. Barua isizidi ukurasa mmoja, nayo inaweza kuwa hivi:

*Yah: Bili ya maji ya mwezi Machi. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Bili yangu ya mwezi Machi inaonyesha matumizi ya uniti 62, wakati bili za miezi mitatu iliyotangulia zilikuwa kati ya uniti 14 na 17. Tarehe 3 Aprili nilifunga mabomba yote kwa saa mbili na mita haikusogea. Picha niliyopiga siku hiyo inaonyesha mita ikisoma 847, ilhali bili inaonyesha usomaji wa sasa kuwa 892. Naomba msomaji wa mita aje kuhakiki, bili irekebishwe kabla ya tarehe 20 Aprili, na huduma isikatwe katika kipindi hicho. Naambatisha picha ya mita na nakala za bili nne.*

Angalia jinsi barua hiyo isivyomwita mtu yeyote mwizi. Karani wa dirishani siye aliyesoma mita, na ukimtukana utakuwa umempa sababu ya kujitetea badala ya sababu ya kukusaidia. Pengine hata yeye bili yake ilikuja hivyo. Angalia pia kwamba inaomba mambo machache yenye tarehe. Barua inayoanza na bili, ikaingia kwenye bomba lililopasuka barabarani, kisha ikamalizia na tabia ya mafundi wote wa mamlaka tangu mwaka juzi, hujibiwa kwa sentensi moja ya jumla au haijibiwi kabisa. Kama una mambo matatu, andika barua tatu.

Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, nawe uondoke nayo. Ukitoa taarifa kwa simu, andika jina la aliyekupokea, saa, na namba ya kumbukumbu uliyopewa. Ukituma kwa barua pepe, usiifute. Nakala yenye muhuri inaweza kuonekana ni jambo dogo, lakini ndiyo itakayokuwezesha kupanda ngazi inayofuata, kwa kuwa kila ofisi ya juu itakuuliza swali moja kabla ya mengine yote: ulikwisha kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, na alikujibu nini?

Hatua ya nne: panda ngazi kwa utaratibu

Ukiona muda ulioomba umepita bila majibu, au majibu yenyewe hayaridhishi, usirudi barazani. Nchini Tanzania, malalamiko kuhusu maji, umeme, mafuta na gesi hupelekwa EWURA, yaani mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo hujaribu kwanza kuwapatanisha mteja na mtoa huduma, na mapatano yakishindikana husikiliza shauri na kutoa uamuzi. Asiyeridhika hukata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Mtumiaji asiyejua pa kuanzia anaweza kusaidiwa na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji. Zanzibar, kazi ya udhibiti wa maji na nishati hufanywa na ZURA. Mabasi na daladala za Tanzania Bara ziko chini ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, mitandao ya simu iko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na anayedai benki yake huanza na benki yenyewe, kisha huenda Benki Kuu.

Lalamiko likiwa ni la ofisi ya serikali iliyotumia vibaya madaraka yake, kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyorithi kazi za Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1966. Kwa Kenya, kazi inayofanana na hiyo iko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huifahamu kama ofisi ya Ombudsman, iliyoundwa mwaka 2011. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataja haki za mtumiaji wa bidhaa na huduma katika kifungu cha 46.

Jambo moja linahitaji tahadhari ya pekee, nalo ni muda. Mfanyakazi wa Tanzania Bara aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Nimeona watu wakiutumia mwezi mzima kuwasimulia ndugu na majirani jinsi walivyoonewa, na walipofika Tume waliambiwa waeleze kwanza sababu za kuchelewa.

Hatua ya tano: nyumbani na kazini

Barua yenye muhuri haifai mezani kwako. Mume, mke, mzazi au jirani hulalamikiwa kwa mdomo, ana kwa ana, na mafanikio hutegemea zaidi wakati uliochaguliwa kuliko ufasaha wa maneno. Usilianzishe jambo mtu anapoingia mlangoni akiwa na njaa, wala mbele ya watoto, wala mbele ya wageni. Taja tukio moja lililotokea, kisha useme unachoomba. "Jana ulichukua pesa ya ada bila kuniambia, na leo mwalimu amenipigia, naomba pesa hiyo isiguswe bila sisi wawili kuzungumza" ni maneno mazito yanayoweza kujibiwa. "Wewe kila siku ndivyo ulivyo" hayajibiki, kwa sababu hayamwambii mtu afanye nini kesho.

Pwani tuna njia nyingine, ya kijembe. Leso huchaguliwa kwa maandishi yake na kuvaliwa siku mlengwa atakapopita, mpasho hutunzwa ukumbini huku jicho likimtafuta mtu fulani, na neno hutupwa uani kama kwamba halina mwenyewe. Ni sanaa, nami naipenda kama sanaa. Kama njia ya kutatua jambo, hata hivyo, ina kasoro moja kubwa: aliyepigwa kijembe ana uhuru wa kujifanya hakuelewa, na aliyeelewa hujibu kwa leso yake. Mambo yakifikia hapo, wanaofaidika ni wauza leso.

Kwa jirani, anza mlangoni kwake, peke yako, mchana. Ikishindikana, mtumie mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili kabla ya kwenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, kwa kuwa jambo likishafika ofisi ya mtaa huwa gumu kwa yeyote kurudi nyuma bila kuona aibu. Kazini, mfuate mkuu wako ukiwa na tatizo pamoja na pendekezo. Inatosha.

Hatua ya sita: yale yasiyo na mwenyewe

Wengi huamini kwamba hasira ikitolewa nje huisha. Mwaka 2002 mwanasaikolojia Brad Bushman wa Marekani alichapisha jaribio ambalo wanafunzi walioudhiwa kwa makusudi waligawanywa: baadhi walipiga begi la ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi, wengine wakakaa kimya tu. Waliopiga begi ndio waliobaki na hasira zaidi. Kurudia kisa cha foleni mara nne kwa siku hufanana na kulipiga begi hilo.

Jiwekee mpaka. Lalamiko lisilo na mwenyewe lisemwe mara moja, kwa mtu mmoja, kisha mazungumzo yahamie kwingine. Wapo wanaotumia alama ya mwilini ili kujikumbusha: mwaka 2006 mchungaji Will Bowen wa Kansas City, Marekani, aliwagawia waumini wake bangili za zambarau, na kila aliyelalamika alitakiwa kuihamishia bangili yake mkono wa pili na kuanza upya, mpaka afikishe siku 21 mfululizo bila kulalamika. Bangili inasaidia kumwamsha mtu, na shanga au uzi wowote unaweza kufanya kazi hiyo. Siikubali sehemu ya pili ya zoezi, ile ya kuhesabu kila lalamiko kuwa ni kosa, kwa kuwa mpangaji anayenyamaza juu ya paa linalovuja ili asivunje hesabu ya siku zake atalala kwenye maji. Itumie kwa soga za joto na foleni tu.

Hatua ya saba: kumsikiliza mlalamikaji mwingine

Siku nyingine mlalamikaji hatakuwa wewe. Anapoanza, muulize mapema: anataka asikilizwe tu, au anataka mtafute la kufanya? Swali hilo huzuia ugomvi mwingi, kwa sababu aliyetaka kusikilizwa huudhika akipewa ushauri, na aliyetaka msaada huudhika akipewa pole. Akirudi na kisa kilekile mara ya tatu, muulize kwa upole ni nani mwingine ameshamweleza na yeye alijibu nini. Mtafiti Amanda Rose alionyesha mwaka 2002 kwamba vijana wanaorudiarudia shida zao pamoja na marafiki huwa na urafiki wa karibu zaidi, lakini pia huwa na dalili zaidi za sonona na wasiwasi. Kuitikia kila siku "kweli, dunia imeharibika" ni wema wenye gharama.

Zipo nyakati ambapo kumpunguzia mtu malalamiko ni kosa. Mwanamke anayelalamika kwa mzaha kwamba mumewe "ana mkono mwepesi" ametoa taarifa, hata kama amecheka. Polisi Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo hayo, na mtu wa kumsindikiza anaweza kuwa wewe. Mzee anayelalamikia usingizi, chakula na uchovu kwa wiki kadhaa mfululizo apelekwe kituo cha afya badala ya kuambiwa kwamba ndio uzee.

Mtoto ndiye anayehitaji sikio zaidi, kwa sababu hajui kuandika barua wala kuchagua wakati. Anayelalamikia tumbo kila Jumatatu asubuhi na kupona Jumamosi pengine haumwi tumbo. Usimuulize mbele ya ndugu zake, wala usianze kwa kumshuku kwamba anatega shule. Kaa naye mkifanya kazi ndogo ya mikono, kama kuchambua mchele au kumenya viazi, umuulize nani huketi karibu naye darasani, nani humpeleka na kumrudisha, na sehemu gani ya shule haipendi. Akitaja jambo la kuumizwa, usimpe ahadi ya kulificha; andika maneno yake kama alivyoyasema, na upige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo Tanzania na Kenya hupigwa bila malipo.